Aliyepiga Deki Mchangani

Kiti cha magurudumu kilikuwa kimesimama peke yake juu ya fungu la mchanga, mgongo umeelekea mji, mbele kumeelekea maji. Chini yake palikuwa na ndara mbili zilizopangwa sambamba, kama zinavyopangwa mlangoni. Mwenye kiti hakuwepo.

Inspekta alikiona kabla wifi yake hajakiona, akasimama. Alikuwa likizo. Daktari alimwambia kwamba magoti yake yanataka kutembea, si kukaa ofisini, na ndiyo maana alasiri hiyo, bahari ikiwa imekupwa na kuacha mchanga mgumu mpaka mbali, alikuwa anatembea pekupeku na dada wa mumewe, mshonaji wa nguo ambaye mdomo wake haukujua likizo.

"Halafu ananiambia gauni linambana," wifi alikuwa anasema. "Sasa mimi ndiye niliyemnenepesha?" Kisha naye akakiona kiti. Akanyamaza, jambo ambalo Inspekta hakulizoea.

"Usisogee, wifi. Simama hapo hapo ulipo."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ndilo swali."

Inspekta alipiga simu kituoni. Wakati anamsubiri Koplo, alizunguka kwa mbali, mikono nyuma, macho chini. Kutoka kwenye njia ya zege ya kuteremshia mashua, michirizi miwili ya magurudumu ilinyooka mpaka kwenye kiti. Hapakuwa na nyayo za mtu, mbali na zake na za wifi yake. Maji yalikuwa hatua chache mbele, yametulia, lakini yangeanza kujaa muda si mrefu. Bahari haina urafiki na ushahidi.

Koplo alifika na kamera na utepe. Alipokitazama kiti vizuri, aliishusha kamera.

"Afande, hiki kiti cha Kocha."

"Kocha yupi?"

"Wa bwawa la kuogelea la manispaa. Kanifundisha mimi, kafundisha nusu ya mji huu. Siku ya kwanza alinisukuma majini, nikanywa nusu bwawa. Kiharusi kilimchukua miguu. Mtu kama yule, kukaa tu. Si ajabu amechoka. Amejisukuma mwenyewe mpaka hapa, akatambaa mpaka majini."

"Piga picha kwanza. Huruma baadaye."

Koplo alipiga picha, akapima michirizi, akachora ramani ya eneo. Alipomaliza, Inspekta alisogea karibu. Breki za kiti zilikuwa zimefungwa, zote mbili.

"Koplo, kutoka kitini mpaka majini unaona alama ya mtu aliyetambaa?"

"Sioni. Lakini labda wakati ule maji yalifika hapa, yakazifuta."

"Yangezifuta, yangechukua na ndara."

Koplo alizitazama ndara.

"Kocha ni mtu mwembamba?"

"Hapana, afande. Ni pande la mtu."

Inspekta aligeuka akamtazama wifi yake kuanzia kichwani mpaka miguuni. Wifi alielewa, akaanza kurudi nyuma.

"Mimi? Nikae kwenye kiti cha marehemu?"

"Hatujui kama ni marehemu. Vaa glavu, ukae. Ni dakika moja."

"Kaka yangu alipokuoa tulisema huyu mwanamke atatutesa. Haya, basi." Akakaa, akikunja uso. Inspekta alifungua breki, akamsukuma hatua kadhaa kwenye mchanga ambao haujaguswa. Magurudumu yalizama. Michirizi mipya ilikuwa na kina cha kidole, ile ya zamani ilikuwa imeugusa mchanga juu juu tu.

"Kilikuja hapa kitupu," Inspekta alisema.

"Au mimi ndiye mzito," wifi alisema. "Sema tu, tumeshazoeana."

Lakini mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameinama kutoka pale kitini, anatazama mchanga ulio katikati ya michirizi miwili ya zamani. "Wifi, hebu njoo uone. Hapa pamepigwa deki."

Inspekta alichuchumaa, magoti yakalalamika. Kweli. Katikati ya michirizi, mchanga ulikuwa umefutwa kwa kitambaa kizito: nusu duara kutoka kushoto kwenda kulia, nusu duara nyingine nyuma yake ikiigusa kidogo ile ya kwanza, na nyingine, na nyingine, mpaka kwenye njia ya zege. Mtu anayefuta nyayo zake kwa hofu anaburuza tawi ovyo ovyo na kukimbia. Huyu alirudi kinyumenyume kwa utulivu, haruki mahali, hakanyagi palipokwisha kusafishwa. Mkono wake ulikuwa umeifanya kazi ile maelfu ya mara.

"Piga picha za hii deki, Koplo. Karibu, na kwa mbali. Kabla maji hayajatuwahi."

Walikuwa bado wanapiga picha wakati mwanamke mmoja alipoteremka njia ya zege mbio, koti jeupe la duka la dawa likipepea. Aliona kiti, aliona utepe, miguu ikamwisha nguvu. Wifi alimdaka kabla hajafika chini.

"Ni binti yake," Koplo alinong'ona. "Mfamasia. Hana mwingine, na mzee hana mwingine."

Inspekta alimwacha alie. Hakuwa mtu wa kumkatiza mtu kilio. Kilipopungua, aliketi kando yake mchangani.

"Pole, mwanangu. Nitakuuliza maneno machache. Baba ulimwacha wapi?"

"Nyumbani. Pale ng'ambo ya barabara. Nilikwenda kazini asubuhi, nimerudi sasa hivi nikakuta mlango umerudishwa tu."

"Nani hukaa naye mchana?"

"Hakuna. Anajiweza kidogo. Anajisukuma mpaka barazani."

"Mligombana?"

Mfamasia alifuta pua kwa kiganja. "Jana. Nimehamishiwa mji mwingine, mbali. Gari la mizigo linakuja kesho. Akasema yeye haondoki. Nikamuuliza kwa nini, hasemi. Nikamwambia..."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, kama hutaki kwenda na mimi, baki na bahari yako. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake."

Wifi alimvuta, akamlaza kichwa begani. Inspekta alitazama maji, ambayo sasa yalikuwa yameanza kurudi kidogo kidogo.

"Kiti cha baba kilikuwa na mto?"

"Ndiyo. Wa kitambaa cha bluu. Mgongo unamuuma, bila mto hakai."

"Mto haupo."

"Umechukuliwa na maji?"

"Hatujui. Twende nyumbani."

Nyumba ilikuwa ndogo, safi kwa kiasi cha mtu anayefanya kazi siku nzima. Sebuleni maboksi yalikuwa yamefungwa kwa kamba tayari kwa safari. Chumba cha Kocha kilikuwa nyuma: kitanda, meza, picha ya ukutani ya kijana mwenye kifua kipana amesimama ukingoni mwa bwawa. Mto wa bluu haukuwepo.

"Dawa zake anaweka wapi?"

"Kwenye droo. Za presha. Namfungia mwenyewe kazini." Mfamasia alivuta droo. Ilikuwa tupu. Akaivuta mpaka mwisho, akapapasa ndani.

"Zilikuwa nyingi?"

"Za mwezi mzima. Nilimletea jana."

"Mtu anayekwenda kufa habebi dawa ya presha," Inspekta alisema polepole. "Wala habebi mto."

Mfamasia aligeuka. Macho yake yaliyovimba yalikuwa na kitu kingine sasa, na Inspekta alikiogopa kitu hicho, kwa sababu tumaini likivunjika mara ya pili huuma kuliko mara ya kwanza. Hakusema zaidi. Aliinamisha macho sakafuni, na hapo ndipo alipoona.

Sakafu ya saruji nyekundu ilikuwa inang'aa. Mwanga wa dirishani ulipoipiga kwa upande, nusu duara zilionekana wazi, kutoka kushoto kwenda kulia, moja ikigusa nyingine, zikirudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Nani amepiga deki hapa?"

"Hakuna. Mimi sijadeki tangu juzi, nilikuwa nafunga maboksi." Mfamasia alitazama na kushangaa. "Tambara lenyewe limechanika katikati. Liko bombani."

Tambara lilikuwa bombani kweli, limekamuliwa, limetandazwa vizuri likauke. Bado lilikuwa na unyevu. Koplo alilitazama, akamtazama mkuu wake.

"Afande, mwizi gani huyu anaiba mtu halafu anasafisha chumba?"

"Mazoea yana taabu, Koplo." Inspekta alimgeukia Mfamasia. "Baba hutoka nyumbani kwenda wapi?"

"Hospitali tu. Mazoezi ya viungo, kila wiki. Namshusha getini nakimbilia kazini. Huko kuna watu wa kumsukuma ndani."

"Watu gani?"

"Sijui. Sijawahi kuingia."

Idara ya mazoezi ya viungo ilikuwa mwisho wa korido ndefu. Sakafu ilikuwa imefutwa mbele nyuma, mbele nyuma, huku na huku pamerukwa, na maji yamesimama pembeni. Mtaalamu wa viungo, bwana mmoja mwenye mabega ya kubeba magunia, alikuwa anakunja magodoro.

"Kocha? Namfahamu sana. Ana nini?"

"Nani humsukuma kutoka getini?"

"Mama wa Usafi. Tangu wiki ya kwanza. Hataki mtu mwingine aguse kile kiti. Na ole wako umwache mgonjwa bila kufunga breki, atakusema mpaka ujute."

"Leo yuko zamu?"

"Kaomba ruhusa tangu asubuhi. Si unaona korido? Huyu aliyemshikia zamu anamwaga maji tu. Yule mama akideki sakafu, unaona raha kukanyaga."

"Anadeki vipi?"

Yule bwana alimtazama Inspekta kama anayejiuliza polisi siku hizi wanafundishwa nini. Kisha akanyoosha mkono, akachora hewani nusu duara kutoka kushoto kwenda kulia, huku akirudi nyuma hatua kwa hatua.

Mama wa Usafi alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya uani, chumba cha mwisho, chenye pazia la maua mlangoni. Inspekta alimwacha Mfamasia uani na wifi yake. Alibisha hodi.

"Karibu," ilijibu sauti ya kike, taratibu, kama ya mtu aliyekuwa anasubiri.

Kocha alikuwa amekaa kwenye kochi, mto wa bluu mgongoni, pakiti za dawa mezani kando ya kikombe cha chai. Mbele yake alikuwa amesimama mwanamke mwembamba wa makamo, nywele zimeanza mvi, mikono imekwajuka kwa sabuni. Koplo alipoingia na kumwona mwalimu wake mzima, alisahau kwamba yuko kazini.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba." Mzee aliinamisha kichwa. "Wewe ndiye uliyekunywa bwawa langu."

Inspekta hakungoja wamalize kusalimiana. "Mama, kiti kilicho ufuoni umekipeleka wewe?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Kwanza nilimleta yeye hapa kwa teksi. Kisha nikarudi na sare yangu ya kazi, nikakisukuma kile kiti kitupu mpaka chini. Mwanamke wa usafi akisukuma kiti, nani amwangalie?"

"Nyayo ulizifuta kwa nini?"

"Kwa shuka niliyoilowesha."

"Nimekuuliza kwa nini."

Mama wa Usafi alimtazama Kocha. Kocha alitazama kikombe.

"Niulizeni mimi," alisema. "Yeye alifuata wazo langu. Nilitaka mdhani bahari imenichukua. Bahari haimrudishi kila mtu, na watu hawaidai."

"Binti yako amelia mpaka miguu imemwisha nguvu."

"Najua."

"Hujui. Mimi ndiye niliyekuwepo." Inspekta alivuta kigoda akakaa, maana magoti yalikuwa yamefika mwisho. "Kocha, nataka uniambie sababu. Lakini sikutegi. Binti yako yuko nje ya pazia hili, anasikia. Sema ukijua hilo."

Kocha aliinua uso. Alilitazama pazia kama mtu anayetazama maji asiyojua kina chake. Aliyewafundisha watu wa mji mzima kutumbukia, yeye alisita ukingoni kwa muda mrefu, na hakuna aliyemsaidia.

"Huyu ni mama yake," alisema.

Nje, wifi alisikika akivuta pumzi.

"Mtoto alikuwa mdogo, hajaanza hata shule. Mimi jina langu lilikuwa juu, nina safari, nina wanawake. Huyu alisema neno moja la haki, nikamtoa nje na sanduku lake. Mtoto nikambakiza. Alipouliza mama yuko wapi, nikamwambia: ametukimbia, hakutupenda. Huyu alikuja mara mbili kumwona mwanawe. Mara zote mbili nilifunga mlango."

"Halafu?"

"Halafu miguu ikaondoka. Siku ya kwanza hospitali, nani anakuja kunisukuma? Yeye. Hakunitukana. Alifunga breki, akaniuliza kama mgongo unauma, wiki ya pili akaniletea mto huu. Nikamwomba radhi. Akasema, radhi yangu utaipata siku utakayomwambia mtoto ukweli. Kila wiki nilisema leo. Kila wiki nikifika nyumbani, binti yangu ananiwekea chakula, ananipangia dawa, ananiita baba. Na mimi nawaza, akijua, ataniitaje?"

"Ndipo uhamisho ukaja."

"Ndipo ukaja. Kuondoka nilishindwa, na kusema kwa nini siondoki nilishindwa. Kufa kulionekana rahisi. Nilipata ujasiri wa kufa, afande. Wa kusema sikuupata."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini ya huyu ilichukua miaka mingi ndipo ikafika mwisho, kwenye chumba kimoja chenye pazia la maua. Inspekta alimgeukia mwanamke.

"Na wewe, mama? Wewe ulidhulumiwa. Mbona ulikubali kumliza mwanao?"

Mama wa Usafi alijipangusa mikono kwenye gauni, ingawa haikuwa na maji.

"Kila wiki alipomleta baba yake, mimi nadeki korido ya mbele. Makusudi. Namwona kupitia kioo cha mlango, anamshusha, anamfunga kifungo cha shati, anaondoka mbio. Nimemjua alivyokua mkubwa kwa kupitia kile kioo. Kesho walikuwa wanaondoka wote wawili. Nilishawapoteza wote wawili siku moja, afande. Safari hii nikasema, angalau mmoja abaki. Ni ujinga. Nilipokuwa nafuta nyayo kule chini nilijua ni ujinga, lakini mkono ulishaanza."

"Na chumba? Chumba ulidekia nini?"

Mwanamke yule alitazama sakafu. "Teksi ilikuwa inachelewa. Niko ndani ya nyumba ya mwanangu, sijawahi kuingia. Sikujua nimfanyie nini. Nikaona vumbi."

Inspekta alisimama. Alisema yale ambayo kazi yake ilimtaka aseme: kwamba kuwatia watu taharuki na kuwahangaisha polisi kwa kifo cha uongo ni kosa, kwamba kesho wote wawili watafika kituoni kuandika maelezo, na kwamba mkuu wa kituo ataamua. Wote wawili waliitikia bila kubisha. Kisha akalivuta pazia.

Mfamasia alikuwa amesimama kizingitini. Hakulia tena. Alimtazama baba yake, na mzee, ambaye hakuwahi kuogopa maji ya kina chochote, alifumba macho.

"Jana nilikwambia ubaki na bahari yako," Mfamasia alisema. "Tangu nilipokiona kiti chako kule chini nimejiona muuaji."

"Nisamehe, mwanangu."

"Sijui. Usiniulize leo. Dawa ya mchana umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Haya."

Ndipo akamgeukia yule mwanamke. Walitazamana. Walikuwa na kipaji kimoja cha uso na namna moja ya kusimama, uzito wote kwenye mguu mmoja, na kila aliyekuwa chumbani aliliona hilo ila wao wenyewe. Koplo alijifanya anatengeneza kamera.

"Chumba umepiga deki wewe," Mfamasia alisema.

"Mimi."

"Umesahau chini ya kitanda."

Mama wa Usafi alikunja pindo la gauni. "Nilisikia honi ya teksi. Nilitaka nimalizie."

Mfamasia alisimama pale, akivuta pumzi, akaiachia. Gari la mizigo lilikuwa linakuja kesho, na hakuna aliyejua litaondoka na nani.

"Basi njoo umalizie," alisema. "Na uje na tambara lako. La kwangu limechanika."